Nishati hutoka atomi zinapokutana

Walimu wa sayansi ninaozungumza nao hapa Mwanza wanavutana kuhusu sentensi moja: "Chakula kina nishati kwenye vifungo vya kikemia, vifungo vikivunjwa, nishati hutoka." Wanaoitetea wana hoja. Madarasa yamejaa, mada ni nyingi, mtihani wa NECTA hausubiri mtu. Mwanafunzi akijua ugali unampa nguvu, kani za atomi, yaani jinsi zinavyovutana na kusukumana, atazikuta mbele ya safari. Na ni kweli kwamba chakula pamoja na oksijeni vina nishati ya kutoa.

Tatizo liko kwenye "vikivunjwa". Mwalimu wa kemia anamwambia mtoto huyohuyo kwamba kuvunja kifungo, yaani kutenganisha atomi zilizoshikana, kunahitaji nishati. Mtoto anakariri yote mawili, kisha anakariri kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, bila kuona kuwa mambo hayo yanagongana.

Chukua gesi asilia ya Songosongo, ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Kutenganisha atomi za gramu 16 za methani, pamoja na za oksijeni inayoiunguza, kunagharimu takriban kilojuli 2,650. Zikiungana upya kuwa kabonidioksaidi na mvuke wa maji, zinatoa takriban 3,450. Joto tunalopikia ni zile 800 za tofauti. Gharama inazidi faida mara tatu! Aliyefundishwa kwamba kuvunja ndiko kunakotoa nishati atajibu nini akiulizwa kwa nini gesi inahitaji kiberiti?

Ndiyo maana nasema tuanze na kani. Sumaku za spika mbovu zinapatikana kwa mafundi redio. Mwanafunzi akizitenganisha, mkono wake unafanya kazi. Akiziachia zikiwa karibu, zinakimbiliana na kugongana kwa mlio. Nishati imetoka zilipokutana. Atomi mbili nazo zikivutana huongeza kasi, na zikikaribiana mno husukumana. Kama hakuna wa kupokea nishati hiyo, zinaachana tena. Ili zibaki pamoja, lazima sehemu ya nishati iondoke, ama kwa kugonga atomi nyingine, ama kama mwanga. Hapa kanuni ya hifadhi ya nishati ndiyo inayoamua kama kifungo kitakuwepo au la, na sioni kwa nini jambo zuri hivi lisubiri kidato cha tano.

Kwa watoto wa ziwani mfano uko mlangoni. Dagaa wakianikwa Igombe, kila kilo ya maji inayokauka inachukua takriban kilojuli 2,400, kwa sababu molekuli za maji zinavutana na lazima zitenganishwe. Mvuke unaopanda kutoka Ziwa Victoria unabeba gharama hiyohiyo. Molekuli zikikutana tena mawinguni, nishati yote inarudi, hewa inapata joto na kupanda kwa nguvu, na hapo zinakua zile dhoruba za usiku zinazowakuta wavuvi wakiwa kwenye mitumbwi.