Bendera ya Mjomba na Fidia ya Reli

Wenzake wakistaafu hufuga kuku au hununua bodaboda wakampa kijana. Mjomba wangu alistaafu akahamia kwenye gofu. Anacheza Lugalo, Dar es Salaam, ana kofia nyeupe na glavu ya mkono mmoja tu, na kwa maelezo yake mwenyewe anapiga vizuri sana, tatizo ni kwamba hajui mpira unatakiwa uende umbali gani. Ndiyo maana alipokuja Kigoma likizo alishuka na begi la nguo pamoja na vijisanduku viwili vyeusi ambavyo alivilaza chumbani kwake, chini ya mto.

Ndani ya kila kimoja mlikuwa na darubini ya leza. Rafiki yake wa klabuni alikuwa anaziuza, zote zimetumika, akamwambia, "Nenda nazo nyumbani ukazijaribu. Utakayoipenda utalipia, nyingine utanirudishia." Mimi nikateuliwa msaidizi bila kuulizwa, kwa sababu ndiye mpwa pekee aliyekuwepo uani.

Kazi ya kidude chenyewe si ngumu kuielewa. Unakiweka jichoni, vitu vinasogea karibu mara sita, unalenga bendera iliyosimama kwenye shimo, unabonyeza. Mwale usioonekana unakwenda, unagonga, unarudi, nacho kinapiga hesabu ya muda uliotumika na kukuandikia umbali. Mwanga unakimbia kama kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo hapo pana hesabu ya kasi ya kutisha. Mjomba alinieleza haya yote huku anachambua miiba ya mgebuka, na mgebuka ndiye aliyepewa umakini zaidi.

Ile ya bei nafuu iliandika namba moja. Ile ya bei mbaya iliandika mbili: ya juu ni umbali wenyewe, ya chini ni umbali uliorekebishwa kwa ajili ya mlima. Ukilenga bondeni namba ya chini inapungua, maana mpira unaoshuka unafika mbali bila nguvu nyingi. Ukilenga mlimani inaongezeka. Halafu ina swichi ya kuzima hesabu hiyo ya mlima, kwa sababu kanuni za gofu zilizoanza kutumika 2019 zinakuruhusu kupima umbali mashindanoni, ila haziruhusu kifaa kikupigie na hesabu ya mwinuko. Nikamuuliza, "Sasa Mjomba, kama siku ya mashindano unaizima, unalipia nini?" Akaniambia mimi mchezo siujui. Ni kweli siujui, ila mpaka leo swali langu halijajibiwa.

Kitu cha kwanza alicholenga kilikuwa ziwa. Nyumba yetu iko mlimani, ukisimama uani Tanganyika lote liko mbele yako. Akabonyeza. Vistari. Akabonyeza tena. Vistari. Maji yanautupa mwale upande wa pili badala ya kuurudisha, na ziwa lenye kina cha mita 1,470 halikuona sababu ya kumjibu mstaafu.

"Tunahitaji bendera," akasema.

Hapo ndipo balaa lilipoanzia, ingawa wakati ule lilikuwa ni fito tu. Nilichukua fito ndefu, nikachana jezi yangu kuukuu ya Simba (Mjomba ni Yanga, kazi hiyo ya kuchana aliifurahia kuliko gofu yenyewe), nikafunga kitambaa chekundu kileleni, nikaenda kuichomeka chini kwenye mteremko unaoelekea upande wa reli, pembeni mwa muhogo wa jirani. Mjomba akapanda juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya choo chetu, darubini jichoni. Akawa anataja namba kwa sauti na mimi naandika kwenye daftari. Darubini zote mbili zikikamata bendera hutetemeka mkononi kama simu isiyo na mlio, na kila ikitetemeka Mjomba alipiga kelele, "Imekamata! Andika! Mia moja arobaini na tatu!"

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mtu anayepita njia ya chini na ndoo yake. Tangu mkataba wa reli ya kisasa ya kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, uliposainiwa mwishoni mwa 2022, hapa mtu akionekana ameshika utepe wa kupimia, hata kama ni fundi cherehani, lazima aulizwe. Na wewe unaona mzee mwenye kofia nyeupe, chombo jichoni, kijana na daftari, fito yenye kitambaa chekundu, na namba zinatajwa. Ungewaza gofu?

Usiku ule nilisikia majembe. Nikajua ni watu wamechelewa shambani.

Asubuhi, baada ya kahawa, Mjomba alirudi kwenye jiwe ili ahakikishe kama namba za jana zitajirudia. Darubini nzuri, alisema, haiwezi kukupa habari tofauti kwa kitu kilekile. Akaanza na ile ya bei mbaya. Akabonyeza. Mia moja sitini na nane. Akaifuta kioo kwa pindo la shati. Tisini na sita. Akaniangalia kwa huzuni ya mtu aliyetapeliwa na rafiki. "Hii imekufa," akasema. "Inabahatisha."

Nikaomba na mimi nichungulie. Mjomba alikuwa analenga bendera sawa, ila bendera zilikuwa zimezaa. Fito yangu ilikuwa imehamia kwenye kiwanja cha muuza genge, imechomekwa katikati kabisa na kushindiliwa mawe. Kushoto kwake kulikuwa na fito nyingine yenye kipande cha khanga nyekundu. Chini zaidi, sweta jekundu la shule. Mtu mmoja ambaye bila shaka hakupata kitambaa alikuwa amefunika fito kwa ndoo nyekundu. Na kati ya bendera na bendera, ardhi iliyokuwa tupu jana ilikuwa imejaa miche ya michikichi, mingine imepandwa karibukaribu mno, kiasi kwamba ikikua itabidi ipeane zamu ya kupumua. Kila mtu hapa anajua kwamba tathmini ya fidia huhesabu na mazao.

Kabla sijamweleza Mjomba, wakaanza kupanda mlima. Mwenyekiti wa mtaa mbele, daftari la mihuri kwapani, nyuma yake kina mama, vijana, na bibi mmoja muuza mawese ambaye alitangulia kukaa kwenye jiwe letu kabla hata ya salamu kuisha.

"Mwakeye," Mwenyekiti akasalimia kwa Kiha.

"Shikamoo, Mwenyekiti," nikasema mimi.

"Marahaba. Wageni wakija kupima kwenye mtaa, hupita ofisini kwanza."

Mjomba, ambaye aliliona hilo kuwa ni udadisi wa kawaida wa watu wema, akafurahi kupata wasikilizaji. Akampa Mwenyekiti ile darubini. "Lenga kitu chochote, Mwenyekiti, bonyeza hapa juu."

Mwenyekiti akalenga nyumba yake, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Bati lake ni jekundu. Kidude kikatetemeka.

"Kimetetemeka," akasema taratibu. "Maana yake nini?"

"Kimekamata," akasema Mjomba.

"Kimekamata nyumba yangu?"

Nyuma kukawa kimya. Mwenyekiti akashusha darubini akaitazama kwa heshima mpya, kisha akaomba asomewe. Juu 143, chini 121. Mjomba akasema hizo ni yadi.

"Yadi ndiyo nini?"

"Ni mita pungufu kidogo."

"Hicho kilichopungua kinakwenda kwa nani?"

Mjomba akacheka peke yake. Kijana mmoja aliyesoma akawageukia wenzake akawafafanulia kwamba ya juu ni thamani, ya chini ni baada ya makato. Maelezo hayo yalieleweka mara moja, na manung'uniko yakaanza. Mia moja arobaini na tatu kushuka hadi mia moja ishirini na moja! Mama mmoja akauliza kama makato hayo ni ya serikali au ni ya mzee mwenye kofia.

"Hapana, hapana," Mjomba akasema, "inapungua kwa sababu tunapima kutoka juu kwenda chini. Tungekuwa bondeni tunapima kuja juu, ingeongezeka."

Nilitamani arudishe maneno yale mdomoni. Bibi muuza mawese aliinuka pale jiweni, akakunguta khanga yake, akasema, "Basi shukeni. Mimi nyumba yangu nataka ipimwe kutokea chini." Wote wakaunga mkono. Vijana wawili walikwisha mshika Mjomba mikono kwa adabu kubwa, mmoja huku na mmoja huku, wanamteremsha.

Ilibidi nipande mimi jiweni nipaze sauti: huyu si mtu wa reli, huyu ni mjomba wangu, na hiki ni chombo cha gofu. Mwenyekiti akataka aelezwe gofu. Mjomba akamweleza: kampira kadogo, fimbo, shimo, bendera kwenye shimo.

"Na shimo lenyewe liko wapi?"

"Dar es Salaam."

Mwenyekiti akafikiri. "Shimo liko Dar es Salaam," akarudia, ili wa nyuma nao wasikie, "wewe unalipima ukiwa Kigoma." Akafungua daftari la mihuri, akalifunga tena. Nadhani hakujua aandike nini.

Mjomba alichagua ile ya bei nafuu. Nilimkumbusha kwamba ile nyingine haikuwa na kosa, bendera ndizo zilizohama, na kwamba kwa mikono yake inayotetemeka kidogo ile ndiyo iliyokuwa inaikamata bendera haraka. Hakutaka kusikia. "Yenye namba moja," alisema, "haina kesi."

Alipokwisha rudi Dar, Mwenyekiti aliniletea karatasi ya gharama: miche ya michikichi, nguvu kazi ya usiku, ndoo moja nyekundu iliyotobolewa. Nikampigia Mjomba, akacheka mpaka akakohoa, kisha akatuma hela kidogo kwenye simu yangu niwanunulie watu soda. Nikazitoa, nikapita nyumba kwa nyumba nikiwagawia. Bibi muuza mawese alizipokea zake, akazihesabu, akazigeuza upande wa pili.

"Mjukuu wangu," akaniuliza, "hii ndiyo namba ya juu, au ya chini?"