Mshindani wa mshumaa wa manukato ni udi, si umeme

Umeme ukikatika siku mbili mfululizo, hakosekani mtu kwenye makundi ya wajasiriamali wa kuandika kwamba sasa ndiyo neema ya watengeneza mishumaa. Kwa sisi tunaotengeneza mishumaa ya manukato majumbani, hilo halipo. Mtu aliyekatikiwa umeme anataka mwanga, na mwanga anaupata dukani kwa Mangi kwenye pakiti ya mishumaa mieupe, au anawasha tochi ya simu, yakaisha. Hawezi kununua glasi yangu yenye harufu ya asumini ili aone njia ya kwenda chooni.

Ninachouza ni harufu ya nyumba, na kwa watu wa Pwani hilo si jambo lililoletwa na mitandao. Kuna nyumba hapa Dar es Salaam, na Zanzibar ndiyo usiseme, ambazo Alhamisi jioni haipiti bila chetezo kuzungushwa chumba kwa chumba. Kuna udi wa vipande, kuna udi uliopikwa kwa sukari na marashi, kuna ubani, na siku ya harusi kuna asumini zilizotandazwa kitandani. Mama huyohuyo anayeuliza kwa nini mshumaa wangu ni ghali, akifika kwa muuza udi anafungua pochi bila kubishana. Kwa hiyo pesa ya harufu ipo, tena ipo siku nyingi. Swali ni kama mshumaa wako unastahili kipande chake, na wengi wanaoanza biashara hii hawajiulizi hivyo. Wanajipima na mshumaa wa dukani, wanashusha bei, kisha wanashangaa hawauzi.

Mshumaa una pale unaposhindwa na udi. Moshi wa udi unaingia kwenye kanga, kwenye pazia, kwenye nywele, na kesho yake bado upo. Harufu ya mshumaa haishiki nguo hivyo. Ukimwahidi mteja kwamba itashika, umempoteza. Lakini mshumaa hauhitaji makaa, hautoi moshi mwingi wa kumfanya jirani wa ghorofa ya juu agonge mlango, na unaweza kuuweka saluni, mapokezi ya nyumba ya wageni au chumba cha kukandia watu mwili. Vyetezo vya umeme navyo vimeingia na vinauzika. Hapo ndipo nakubali kwamba umeme ukikatika mshumaa unapata nafasi, maana chetezo hicho nacho kinalala.

Sasa twende kwenye harufu zenyewe. Pitia kurasa za wauzaji utakutana na vanila, lavenda na ile inayoitwa harufu ya shuka safi. Vanila inauzika, nami ninayo. Lakini mteja aliyekulia Tanga au Unguja, mnusishe mchaichai uliochanganywa na karafuu kidogo, umwangalie uso. Malighafi hizi ziko kwetu. Pemba kuna kiwanda cha makonyo pale Wawi, kinachokamua mafuta kutoka kwenye vikonyo vya karafuu, vile vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Mchaichai nao unakamuliwa hukohuko. Tahadhari moja: karafuu ina nguvu. Ndani yake kuna yujenoli (eugenol), kitu kilekile wanachotumia madaktari wa meno kwenye dawa zao, na ukizidisha, sebule inanuka kama kwa daktari wa meno. Mimi huiweka kama msaidizi, harufu nyingine ndiyo iongoze. Asumini halisi bei yake haishikiki, kwa hiyo wengi tunatumia ya kutengenezwa. Sioni aibu kuiandika hivyo kwenye lebo, na sielewi wanaoificha.

Linalonikera ni zile picha za mishumaa iliyojazwa vijiti vya mdalasini, maua makavu na karafuu nzima juu yake. Pichani inapendeza. Ukiiwasha, maua yanashika moto na sasa una ndimi mbili au tatu za moto ndani ya glasi moja. Unga wa viungo nao unaziba utambi. Kinachowaka kwenye mshumaa ni nta yenyewe: joto linaiyeyusha, utambi unaipandisha, inageuka mvuke, mvuke ndio unaowaka. Chochote kinachozuia njia hiyo kinaua mshumaa. Marashi ya waridi usiyatie, hayo ni maji, na maji na nta havipatani. Mshumaa utatatarika na kurusha cheche. Manukato ya kujipulizia yana spiriti, nayo yaache kabatini. Yanayotakiwa ni mafuta ya harufu yaliyotengenezwa kwa ajili ya mishumaa, au mafuta ya harufu yaliyokamuliwa kwenye mmea, kama yale ya karafuu na mchaichai.

Kipimo cha mafuta ya harufu kinachofanya kazi ni kati ya asilimia 6 na 10 ya uzito wa nta. Glasi inayochukua gramu 160 za nta, kwa asilimia 8 inataka mafuta gramu 13 hivi. Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Nta ya soya wengi wetu tunaiyeyusha mpaka kama nyuzi joto 75 za Selsiasi, sufuria ndani ya sufuria ya maji, tunatia mafuta, tunakoroga polepole dakika mbili, kisha tunaiacha ipoe hadi 55 hivi kabla ya kumimina. Halafu inakaa wiki moja au mbili kabla ya kuuzwa ili harufu itulie ndani ya nta. Nta ikishika moto jikoni, zima jiko na funika kwa mfuniko. Usimwage maji hata tone, moto utaruka mpaka darini.

Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi na madirisha yaliyofungwa. Sisi tuna Februari ya Dar, tuna madirisha ya wavu, tuna feni juu ya kichwa. Nta laini ya soya inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 45 hadi 50, na joto hilo ndani ya boksi la bodaboda saa nane mchana si ajabu hata kidogo. Mteja anapokea mshumaa uliolala upande, umetoa jasho la mafuta juu. Anayekushauri uongeze mafuta ya nazi kwa wingi eti ni ya asili, muulize kwanza yanayeyuka nyuzi ngapi: ni 24, yaani kwetu ni ya maji karibu mwaka mzima. Kinachosaidia ni kuchanganya nta ya nyuki kidogo, ambayo inastahimili mpaka nyuzi 62 na zaidi, na inapatikana Tabora na Singida kwa wafugaji wetu wenyewe. Ina harufu yake ya asali, kwa hiyo iende na mdalasini au karafuu, si na asumini. Inataka pia utambi mnene zaidi. Na mizigo peleka asubuhi.

Feni ndiyo inayosumbua kuliko yote. Mwali ukipeperushwa unatoa masizi, glasi inakuwa nyeusi, na mteja anasema umemuuzia mafuta ya taa. Mwandikie kwenye lebo: usiweke chini ya feni, kata utambi ubaki nusu sentimita, na mara ya kwanza uuache uwake mpaka nta iyeyuke hadi ukingoni, la sivyo utachimba shimo katikati na nta ya pembeni itabaki hapohapo.

Bei? Glasi yenye mfuniko mara nyingi inakugharimu kuliko nta iliyomo ndani, na hapo hujaweka gesi, lebo, boksi, wala mishumaa unayoiteketeza kwa majaribio. Glasi ileile, nta ileile, ukibadilisha harufu tu utambi unaweza kukataa, kwa hiyo kila harufu mpya unaiwasha kwa tambi za unene tofauti mpaka chini. Gharama hiyo inaingia kwenye bei. Mteja wa rejareja atalalamika, wa saluni na wa nyumba za wageni halalamiki sana kwa sababu anajua harufu inamrudishia wageni, na anarudi kila mwezi akileta glasi zake zijazwe tena.

Kuna madarasa ya siku moja yanayotangazwa kila wikendi, ada pamoja na vifaa vya kuanzia. Mengine ni mazuri. Kabla hujalipa, mwombe mwalimu akuonyeshe glasi moja tu ya kwake iliyowaka mpaka ikaisha, uione ndani ilivyo.