Ramli ya Bei za Hisa

Mtu amelazwa mezani, tumbo limepasuliwa, na bado anapumua. Waliomzunguka ni wanafunzi wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, na wanachokitafuta ndani ya matumbo yake ni bei za hisa: zipi zitapanda, zipi zitaporomoka. Pembeni amesimama msichana ambaye kazi yake ni kuhakikisha mizuka inayovutwa na damu haisogei. Tukio hili liko katika kurasa za mwanzo za Ninth House, riwaya ya Leigh Bardugo iliyotoka mwaka 2019, na ndipo wasomaji wanapoachana njia. Kuna anayekifunga kitabu hapo hapo akiuliza ni mtu wa namna gani anayestareheka na mambo kama haya. Kuna anayejikuta saa nane usiku bado anafunua kurasa.

Huyu wa pili anasemwa sana. Anaambiwa ameufanya ukatili kuwa burudani. Anaambiwa anawatukuza watoto wa vigogo na majumba yao. Na kama ni mtu wa dini, anaulizwa uchawi unamhusu nini. Lawama hiyo ya tatu nitaiacha, maana anayeamini kwamba kusoma habari za ramli ni sawa na kupiga ramli hatabadilishwa na makala. Mbili za kwanza zina uzito, na moja kati yake ina uzito kuliko hata wanaoitoa wanavyodhani.

Kwa asiyekijua kitabu: Alex Stern ni msichana wa miaka ishirini, aliacha shule huko Los Angeles, ameishi na watu wa dawa za kulevya, na tangu utotoni anaona wafu. Kipaji hicho ndicho kinachompatia ufadhili wa kusoma Yale. Huko kuna vyama vinane vya siri, kila kimoja na uchawi wake, na kuna cha tisa, Lethe, chenye kazi ya kuvisimamia hivyo vinane visivuke mpaka. Alex anakitumikia hicho cha tisa. Kisha dada mmoja wa mjini, asiyekuwa mwanafunzi, anakutwa ameuawa, na wenye vyeo wanataka faili lifungwe haraka.

Wapenzi wa riwaya hii wakiulizwa kinachowavutia huanza na theluji, majengo ya mawe, maktaba na mishumaa. Sawa, vyote vipo. Lakini nadhani hawajitetei vizuri, kwa sababu raha yenyewe iko kwenye hesabu. Katika riwaya nyingi za uchawi, uchawi ni kipaji: mtoto kazaliwa nao, akiutumia sana huchoka, akalala, akaamka. Hapa uchawi una gharama, na gharama hailipwi na anayefaidika. Anayesoma soko siye anayepasuliwa. Kila tambiko linalofuata linamfanya msomaji aulize swali moja kabla ya jingine lolote: nani kalipia?

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Tumekua tukisikia minong'ono ya tajiri aliyemtoa mwanawe kafara, na ya duka lenye chuma ulete, linalonyonya pesa kwenye droo za majirani. Ila minong'ono yetu ina tabia moja: humwandama mfanyabiashara mdogo aliyeinuka ghafla, mjane aliyejenga nyumba, kijana aliyerudi na gari. Aliyezaliwa kwenye utajiri wa vizazi vitatu hanong'onwi, maana utajiri wake tumeuzoea kama tulivyozoea mlima. Bardugo ameichukua minong'ono ya aina hiyo hiyo na kuipeleka kwenye mlango ambao haikuwahi kubisha. Hilo kwangu halifanani na kutukuza.

Na mlango wenyewe si wa kubuni. Skull and Bones, chama kikongwe kuliko vingine vya Yale vilivyobaki, kilianzishwa mwaka 1832. Kila mwaka huchukua wanafunzi 15 wanaoingia mwaka wa mwisho. Kumi na tano, basi. Kwa nusu karne hao ni watu 750, kwa hiyo wakati wowote ule wanachama walio hai ni mia kadhaa tu. Katika kikundi hicho wametoka marais watatu wa Marekani: William Howard Taft, George H. W. Bush na George W. Bush. Halafu ukaja mwaka 2004. Nchi yenye watu karibu milioni 290 ilikwenda kupiga kura, na wagombea wa vyama vyote viwili vikubwa walikuwa wametoka katika jengo lile lile la mawe linaloitwa Kaburi: John Kerry, aliyehitimu mwaka 1966, na Bush mdogo, aliyehitimu mwaka 1968. Kila mmoja aliulizwa kwenye televisheni kuhusu chama hicho, kila mmoja akalipitisha kwa mzaha kwamba hiyo ni siri, na kampeni ikaendelea.

Huwa nairudia hesabu hiyo, na haijawahi kunikaa sawa. Mpiga kura aliyemchoka Bush alimpa Kerry. Aliyemwogopa Kerry alimpa Bush. Watu walibishana majumbani, wakanuniana, wakasimama foleni, na kwa vyovyote matokeo yangekuja, chama cha watu 15 kwa mwaka hakikuwa na namna ya kushindwa. Mwambie mtu kwamba hali hiyo ilikuja kwa sababu vijana wa 1832 walijua kusoma matumbo ya binadamu, atacheka. Mwambie ilikuja kwa bahati tu, anapaswa kucheka zaidi.

Hapa ndipo mpinzani makini anapoingia, na anastahili kusikilizwa. Anasema si uchawi wala si bahati. Wale 15 hawaokotwi njiani. Alphonso Taft, mmoja wa waasisi wawili wa chama, ndiye baba wa Rais Taft. Prescott Bush, aliyekuja kuwa seneta, alikuwa mwanachama. Akafuata mwanawe, akafuata mjukuu. Chama hakiwatengenezi wakubwa, kinawakusanya waliokwisha kutengenezwa nyumbani kwao. Kinachowabeba ni ukoo, ada isiyoumiza mfuko wa baba, na simu ambayo upande wa pili huipokea. Mambo hayo yako wazi, yanachosha, na hakuna riwaya itakayoyauza. Kwa hiyo riwaya inayafunika kwa mishumaa, na msomaji anatoka akidhani tatizo ni kanzu na Kilatini wakati tatizo ni kodi ya mirathi.

Hoja nzuri, na ndiyo ile niliyosema ina uzito kuliko wanaoitoa wanavyojua. Ingekuwa imemaliza kazi kama riwaya ingedai kwamba uchawi ndio ulioleta utajiri. Tazama ule usiku wa ramli unavyowezekana: jengo lipo, pesa za kuliendesha zipo, mgonjwa wa akili asiye na wa kumuulizia yupo, mkubwa chuoni wa kunyamaza yupo, mpelelezi wa polisi wa kuweka mambo sawa yupo. Ondoa uchawi wote kwenye kitabu, na hivyo vingine vinabaki mahali pake bila kutikisika. Uchawi ni kitu cha mwisho kuingia chumbani. Msomaji anayefikiria anaona hilo kufikia katikati ya kitabu, na asiyefikiria hata akipewa ripoti ya kodi hataisoma.

Historia yenyewe nayo haiko mbali na hadithi. Kwa miaka mingi imesemwa kwamba mwaka 1918 wanachama wa Skull and Bones waliokuwa jeshini Fort Sill, Oklahoma, akiwemo Prescott Bush, walifukua kaburi la Geronimo, kiongozi wa Waapache aliyefia huko mwaka 1909 akiwa mfungwa wa vita, wakalichukua fuvu lake. Haijathibitishwa, na wapo wanahistoria wanaoamini kwamba kaburi lililofukuliwa, kama lilifukuliwa, halikuwa lake. Lakini barua ya mwaka huo huo wa 1918, iliyoandikwa na mwanachama kwa mwanachama, inajisifia kwamba fuvu limefika salama. Wazao wa Geronimo walikwenda mahakamani mwaka 2009, na mwaka 2010 kesi ikatupwa. Hata kama hawakuwa na fuvu lolote, ndiyo hadithi waliyochagua kusimuliana wao kwa wao, wakiifurahia. Na mwaka 1991 wanafunzi wa mwaka wa mwisho walipoamua kuwaingiza wanawake, miaka zaidi ya ishirini tangu Yale ianze kuwapokea wanawake katika shahada ya kwanza, wazee wa chama walibadilisha makufuli ya Kaburi. Mwandishi wa riwaya angeandika hivyo angeambiwa katia chumvi.

Turudi kwenye ukatili. Kitabu kina matukio ya ubakaji, moja likimhusu mtoto, na kabla hakijatoka kuliwahi kuwa na mabishano, kwa sababu wengi walimjua Bardugo kwa riwaya za vijana. Waliodai onyo kwenye jalada walikuwa na haki. Onyo haligharimu kitu na halimharibii mtu hadithi. Kuna kurasa, tena si mbili tatu, ambazo nadhani zipo ili msomaji ashtuke tu, na zingepungua kitabu kingeimarika.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwingine, na silisikii likisemwa. Ni wapi duniani mtu anaweza kusoma habari za vyama vya siri vya chuo kikuu kama ndoto ya kusisimua? Si Nigeria. Kule, mwaka 1952, wanafunzi saba wa chuo cha Ibadan, akiwemo mwandishi Wole Soyinka, walianzisha chama kilichoitwa Pyrates Confraternity ili kuwadhihaki wenzao waliojiona Wazungu weusi. Miongo iliyofuata vikazaliwa vingine, navyo vikageuka magenge ya mapanga na bunduki. Julai 10, 1999, washambuliaji waliingia usiku kwenye mabweni ya chuo kikuu cha Obafemi Awolowo huko Ile-Ife wakaua watu watano, mmoja wao katibu mkuu wa chama cha wanafunzi. Na upande wetu wa Afrika Mashariki, watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu mtu fulani aliambiwa mfupa wao unaleta mali. Meza ya ramli ya Bardugo, kwa familia hizo, haina ubunifu wowote ndani yake. Mtu wa huko akikisukuma kitabu hiki pembeni hana deni la maelezo kwa yeyote.

Bado, angalia majina tunayotumia. Vya Nigeria vinaitwa magenge na vinafukuzwa na polisi. Vya Yale vinaitwa mila na vinaingia kwenye wasifu wa marais. Silinganishi maiti na heshima, maana Yale haikumwaga damu kama Ile-Ife. Ninachosema ni kwamba ule wa Yale ni ukatili ambao haujawahi kuitwa ukatili: wa kufungiwa mlango, wa mji mzima kuishi pembeni ya ukuta wa watu wengine, wa fuvu la mfungwa kuwa kichekesho cha wanachama. Riwaya inavipa vyama hivyo damu ili tuvitazame, kwa kurasa mia chache tu, kwa jicho tunalowatazamia wahuni wa mtaani. Sijui njia nyingine ya kuandika ambayo ingelifanya hilo kwa haraka hivyo.

Tusidanganyane lakini. Anayependa riwaya hii hasomi kwa hasira peke yake. Kuna saa anatamani naye apewe ufunguo. Zile sura za nyumba ya Lethe, yenye vitabu, mahali pa moto na vinywaji kwenye kabati, zimeandikwa kwa mapenzi, na Bardugo mwenyewe, aliyesoma Yale, alikuwa mwanachama wa Wolf's Head, kimoja cha vyama anavyovitaja. Wakosoaji wanalishika hilo kama ushahidi wa unafiki. Kwangu ni faida. Mtu wa nje angeandika katuni ya matajiri wabaya. Huyu anajua kwa nini watu wenye akili timamu wanakubali kuingia, na anamwacha msomaji aonje tamaa hiyo kabla ya kumwonyesha nani kalala mezani. Mahali anaposhindwa ni pale anapotuorodheshea kila chama na uchawi wake, hiki cha milango, hiki cha maiti, hiki cha hali ya hewa, mpaka mtu anaona kama anasoma kijitabu cha maelekezo kwa wanafunzi wapya.

Lawama ya mwisho ni kwamba Alex hakichomi chuo moto. Anaupigania ukweli kuhusu yule dada wa mjini, Tara, kwa sababu anajua kwamba kwa bahati mbaya kidogo tu yeye ndiye angekuwa Tara, na baada ya yote hayo anabaki Yale. Wengine wameliita hilo usaliti, wakitaka binti wa maskini akishajua siri za wakubwa awatemee mate na kuondoka kichwa juu. Aondoke aende wapi? Kabla ya Lethe hakuwa na cheti wala kazi, na watu aliokuwa akiishi nao Los Angeles wamekufa wote, akasalimika yeye peke yake. Hapo Yale ana kitanda, chakula na ada iliyolipwa na watu anaowadharau, na anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko wakosoaji wake. Kitabu cha pili, Hell Bent, kilitoka Januari 2023, na bado yuko palepale.