Nyambizi ikizama, je, uokozi ni gharama ya bure?

Mei 23, 1939, nyambizi ya Marekani Squalus ilizama ikiwa kwenye majaribio nje ya pwani ya New Hampshire, ikalala kwenye kina cha mita 73 hivi. Walikuwamo watu 59. Maji yalipoingia kupitia vali kubwa ya hewa ya injini, 26 walikufa. 33 waliobaki walitolewa wote wakiwa hai. Siku 9 baadaye Thetis ya Uingereza, nayo ikiwa kwenye majaribio, ilizama katika ghuba ya Liverpool, kwenye maji ya mita 45 tu. Kesho yake tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, ilichomoza juu ya maji, waokoaji wanaitazama. Kati ya watu 103, walipona 4.

Nimeanza na hizi mbili kwa sababu kila nyambizi inapopotea huibuka hoja kwamba uokozi wa chini ya bahari ni fedha zinazotupwa, afadhali zikagharamie ukaguzi ili chombo kisizame kabisa.

Hoja hiyo ina uzito. Thresher ya Marekani ilipopotea Aprili 1963 na watu 129, ilizama penye kina cha zaidi ya mita 2,500. Shinikizo la maji huliponda ganda la chuma muda mrefu kabla halijafika chini huko. Wamarekani walijibu kwa mpango wa ukaguzi mkali, SUBSAFE, na tangu hapo wamepoteza nyambizi moja tu, Scorpion, mwaka 1968, ambayo ilikuwa haijapitishwa katika mpango huo. San Juan ya Argentina, iliyopotea 2017 na watu 44, ilikutwa kwenye mita 907. Nanggala ya Indonesia, 2021, watu 53, ilikutwa kwenye mita 838 hivi. Vyombo vya uokozi vilipelekwa kote kuwili, na hapakuwa na wa kuokolewa.

Lakini hesabu hiyo inayaacha nje maji ya karibu na pwani, ambako nyambizi hujaribiwa, hufunzia mabaharia wapya na kupishana na meli za mizigo. Kursk ya Urusi ilikuwa na urefu wa mita 154 na ilizama penye mita 108. Ingesimama wima, sehemu yake ingeonekana juu. Maji ya namna hiyo mwanadamu anayafikia, ilimradi awe amejiandaa.

Charles Momsen, afisa wa jeshi la majini la Marekani, aliligundua hilo kwa uchungu. Mwaka 1925 alikuwa kamanda wa nyambizi S-1, ndipo S-51 ilipogongwa na meli ya abiria na kuzama. Kati ya watu 36 walipona 3. Momsen alitumwa kuitafuta, na hakuwa na kifaa chochote cha kumfikia mtu aliye chini. Akachora chumba cha chuma chenye umbo la kengele, cha kushushwa kwa waya hadi kikae juu ya mlango wa nyambizi na kuuziba pande zote. Wakubwa wakaukataa mchoro, wakisema hautekelezeki. Desemba 1927 S-4 ikazama karibu na Provincetown. Watu 6 walibaki hai kwenye chumba cha torpedo, wakizungumza na wazamiaji kwa kugonga ukuta, wakiuliza kama kuna tumaini. Dhoruba iliwazuia wazamiaji, na wale 6 wakafa. Hapo ndipo wazo lilipopewa fedha. Afisa mwenzake, Allan McCann, akalikamilisha, na chumba kikachukua jina lake.

Chumba hicho ndicho kilichowatoa wale 33 wa Squalus kwa safari nne. Katika safari ya mwisho waya ulinasa, nyuzi zake zikaanza kukatika mmoja mmoja, ikabidi wakivute kwa mikono. Mabaharia wa Squalus walikuwa na vifaa vya kupumulia vya kutokea wenyewe, lakini kamanda wao, Oliver Naquin, aliamua wangoje. Aliweza kuamua hivyo kwa kuwa alijua kuna chombo cha kuja.

Waingereza walitegemea njia nyingine: kila mtu avae kifaa cha kupumulia cha Davis, apande juu mwenyewe. Nayo ina mantiki, kwa maana hewa haimngoji mtu. Mwaka 1851 huko Kiel, Ujerumani, Wilhelm Bauer na wenzake wawili walizama na chombo chao. Bauer aliwashawishi wayaache maji yaingie mpaka shinikizo lilingane ndani na nje, mlango ukafunguka, wote watatu wakaibuka hai. Ila ndani ya Thetis kulikuwa na watu karibu mara mbili ya kawaida, na walipoanza kutoka hewa ya ukaa ilikuwa imeshawalewesha. Hapakuwa na chumba cha McCann cha kuwashukia.

Kwangu mimi kinachoamua ni Truculent, nyambizi ya Uingereza iliyogongwa mdomoni mwa Mto Thames Januari 1950. Wengi walifanikiwa kutoka ndani. Waliibuka usiku, kwenye baridi, mkondo ukawachukua kabla hawajaonekana. Walikufa 64. Hata anayejitoa mwenyewe anahitaji mtu wa kumpokea juu.

Kursk, Agosti 2000, inanipa kazi zaidi. Watu 23 walinusurika mlipuko na kukusanyika nyuma, ambako afisa Dmitri Kolesnikov aliandika orodha ya majina yao. Urusi ilichukua siku nne kukubali msaada wa nje. Wachunguzi walihitimisha kwamba wale 23 walikufa ndani ya saa chache, na wapo wanaosema kwa hiyo ucheleweshaji haukumuua mtu. Matokeo ya uchunguzi nayakubali, utetezi siukubali: siku zile nne hakuna aliyekuwa na hakika kwamba wamekufa. Mwaka 2005 chombo kidogo cha Kirusi, AS-28, kiliponaswa karibu na Kamchatka, Urusi iliomba msaada mapema. Mtambo wa Uingereza usio na watu ulisafirishwa kwa ndege, ukakata nyavu, na wote 7 wakatoka hai.

Kuhusu gharama, Uingereza, Ufaransa na Norway zinamiliki mfumo mmoja wa uokozi kwa pamoja. Singapore na Indonesia zilitia saini makubaliano ya kusaidiana mwaka 2012, na Nanggala ilipotoweka meli ya Singapore iling'oa nanga siku hiyohiyo. Safari hiyo kina kiliishinda. Nyambizi za Indonesia hupita pia Bahari ya Java, ambayo kina chake cha wastani hakifiki mita 50, na huko meli ile ingeweza kuwafikia watu.