Kipilefti au kibao cha kusimama: tuanze na siku kitakapovunjwa

Kwenye njiapanda iliyo karibu na kwangu kuna kibao chekundu chenye pembe nane. Kinamtaka kila anayetoka barabara ya mtaani asimame kabisa kabla ya kuingia lami. Mara nyingi nasubiri daladala hapo, na mtu akisubiri daladala hukosa la kufanya, basi huwa nahesabu. Bajaji hupunguza mwendo, huchungulia kulia, hupita. Bodaboda hachungulii. Mwenye gari dogo husogeza pua hadi katikati ya lami ndipo aangalie kunakuja nini. Anayesimama kweli, matairi yakatulia, ni mmoja mmoja, na huyo naye hupigiwa honi na wa nyuma yake.

Kwenye kikao cha mtaa tumegawanyika. Kuna wanaotaka kibao king'olewe ijengwe kipilefti, yaani duara la katikati ambalo magari hulizunguka. Kuna wanaosema kibao kibaki, yaongezwe matuta, na trafiki aje asubuhi na jioni. Pande zote mbili zinatetea kifaa chao kama vile kitafuatwa. Mimi naona tuulize kinyume chake: kikivunjwa, maana kitavunjwa, kitatugharimu nini?

Kipilefti, ambayo Wakenya huiita raundabauti, ina hesabu nzuri upande wake. Njiapanda ya kawaida ya barabara nne ina sehemu 32 ambamo njia za magari hugusana, na 16 kati ya hizo ni za kukatana, gari moja likimwelekea mwenzake ubavuni. Kipilefti ya njia moja ina 8 tu, na ya kukatana haipo hata moja. Na kile kisiwa cha katikati hakimwombi dereva hisani. Usipopunguza mwendo unakipanda, kwa hiyo unapunguza, uwe na leseni au huna. Makosa yakitokea, magari hukwaruzana kwa pembe ndogo, huku yakitembea taratibu. Watu hushuka, hugombana, hupiga picha za bampa, hurudi nyumbani wazima.

Wamarekani, ambao kwa miaka mingi walikuwa watu wa vibao na taa, wamelipima jambo hili. Mamlaka yao ya barabara kuu inasema kuwa njiapanda yenye vibao kwenye barabara ndogo ikigeuzwa kipilefti, ajali za kuua na kujeruhi hupungua kwa kiasi cha asilimia 82. Mji wa Carmel, jimbo la Indiana, ulianza kuzijenga miaka ya 1990 na sasa una zaidi ya 150. Namba hizo nazikubali, ila nakumbuka kwamba huko Carmel hakuna bodaboda anayezunguka upande usio wake ili aokoe sekunde nne.

Kwetu kipilefti huharibika kwa namna yake. Uhai wake wote umesimama kwenye sheria moja: mpishe aliyemo. Waingereza wenyewe walikuwa na mizunguko kwa miongo kadhaa ikijifunga kila penye magari mengi, hadi mwaka 1966 walipoamua kwamba anayeingia ndiye anayesubiri. Sheria hiyo ikivunjwa na madereva kumi tu wa kuchomekea, duara hujaa. Wanaotaka kutoka wamezibwa na wanaotaka kuingia, na wanaotaka kuingia wanangoja wanaotoka. Ndipo trafiki anaposhuka kwenye pikipiki yake, anaita upande mmoja dakika kumi, upande wa pili unazima injini. Kuanzia hapo hiyo si kipilefti tena, ni taa ya barabarani iliyovaa sare nyeupe.

Nairobi imeishi na tatizo hili kwenye Uhuru Highway, ambako duara zenye njia kadhaa zimefuatana moja baada ya nyingine. Mwaka 2015 serikali ya kaunti, wakati wa Gavana Evans Kidero, ilijaribu kuziba baadhi ya njia za kukata kona kwa mapipa ili magari yaende moja kwa moja. Watu walicheka, wakakasirika, mapipa yakaondolewa. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya kulipia inayopita juu, na chini yake msafara wa matatu unaendelea kuzunguka. Kwa barabara pana kiasi hicho sitetei kipilefti. Magari ya upande mmoja yakiwa mengi mno, upande wa pili haupati hata upenyo wa kuingia, hata kama kila dereva ni mtii.

Wanaotetea kibao wana hoja nyingine ambayo kikao chetu kiliipita haraka, nayo ni mwenye miguu. Penye kibao, gari likisimama, mama mwenye ndoo anajua kwamba limesimama. Kwenye kipilefti magari hayasimami, yanapungua tu, na macho ya dereva yako kulia anakotafuta upenyo, wakati mtoto wa shule anatokea kushoto. Kwa asiyeona hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa anategemea sikio, na muungurumo wa magari yanayozunguka haumwambii lini pako wazi. Zebra ikisogezwa nyuma kidogo kutoka kwenye duara na kuwekewa tuta na kituo cha katikati, mambo huwa nafuu. Vipilefti vyetu vingi havina hilo, vina bustani na tangazo la biashara.

Halafu kuna ardhi. Kipilefti ya kawaida ya njia moja inataka upana wa mita 30 hivi au zaidi. Kwetu maana yake ni genge la mboga, fundi baiskeli na ukuta wa jirani. Kibao kinataka shimo moja na mfuko wa saruji.

Pamoja na hayo yote, nikipewa kura nitaipigia kipilefti ndogo, ya njia moja, yenye zebra zilizorudishwa nyuma. Kibao kikivunjwa pale kwetu, anayekuja kwenye lami yuko kwenye kilomita 60 kwa saa na anampiga mwenzake ubavuni. Duara likivunjwa, tunachelewa kazini. Nikilazimika kuchagua kati ya foleni na jeneza, sihitaji kufikiri sana. Na kama fedha ya fidia haipo, basi matuta kwenye lami yenyewe, si kwenye njia ya mtaani tu, maana anayeua ni mwenye mwendo.

Vijana wa kijiwe cha bodaboda hawakungoja kikao. Jumapili moja waliweka katikati ya makutano tairi kuukuu la lori, wakalipaka chokaa, wakapanda mgomba ndani yake. Sikuamini macho yangu: Jumatatu magari yalizunguka. Bajaji zilizunguka. Hata wao wenyewe walizunguka, wakicheka. Ilidumu siku kumi na mbili. Usiku wa kumi na tatu semi ya mchanga, ambayo isingeweza kukata kona hiyo hata ingetaka, ilipita juu yake. Tairi sasa liko mtaroni, na mgomba bado umo ndani, umetoa jani jipya.