Lango Limebaki, Mazizi Yamekwenda

Hifadhi ya majengo ikizungumzwa hapa Lamu, utasikia milango ya nakshi, zidaka, misikiti na Ngome. Taja banda la mnada wa mifugo uone watu wanavyocheka. Hoja yao, inayorudi kila mara barazani, ni kwamba banda la ng'ombe lina thamani maadamu ng'ombe wamo. Wakishaondoka, livunjwe pajengwe zahanati. Hoja hiyo ina uzito wake na nitaifikia. Ila inashinda kirahisi mno, na wa kulaumiwa kwanza ni sisi tunaoyatetea majengo hayo, maana tumeyatetea kwa kuangalia uso wake tu.

Tuanze na waliokuwa na masoko ya mifugo ya kutisha. London ilifungua soko jipya Islington mwaka 1855, baada ya watu kuchoshwa na makundi ya ng'ombe yaliyokuwa yakiswagwa katikati ya jiji kwenda soko la zamani la Smithfield. (Aliyewahi kubanwa ukutani na punda mwenye shehena ya mawe katika vichochoro vyetu haelezwi kero hiyo.) Msanifu wake, J. B. Bunning, alisimamisha mnara wa saa katikati na mazizi kuuzunguka. Soko likafa katika miaka ya 1960. Mnara upo hadi leo, bustanini, na mazizi hayapo. Omaha, Marekani, soko lililoipita Chicago kwa ukubwa mwaka 1955, lilijengewa jumba la ghorofa 11 mwaka 1926 kwa ajili ya ofisi za madalali na makampuni. Soko lilifungwa mwaka 1999. Jumba likageuzwa makazi ya watu, na mazizi yakasawazishwa.

Chicago ndiyo inayoniumiza zaidi. Soko lao la Union Stock Yards lilifunguliwa mwaka 1865 na kufungwa 1971, na katika ukubwa wake lilienea ekari 475. Mji wa Kale wa Lamu, huu tuliouandikisha UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, una hekta zipatazo 16, yaani ekari 40 hivi. Kwa hiyo lile soko lingemeza mji wetu wote, na msikiti na ngome na kila kichochoro, zaidi ya mara kumi. Katika eneo lote hilo kilichosimama hadi leo ni hasa lango la mawe lenye kichwa cha fahali kilichochongwa juu ya upinde wake. Mgeni akisimama pale anaona upinde mzuri. Haoni vijia vya mbao vilivyopita juu ya mazizi, ambamo wanunuzi walitembea wakichagua wanyama kutoka juu. Haoni mabirika ya maji, mizani wala reli iliyowaleta ng'ombe. Lango lilikuwa la kuingilia mahali, sasa haliingizi mtu popote. Nimeipigia hesabu hiyo mara nyingi na kila mara jibu ni lilelile: kilichookolewa ni sehemu iliyojengwa ili ipendeze macho ya wapita njia. Sehemu iliyofanya kazi ilitupwa.

Na kwenye jengo la mnada, maana yake imo humo kwenye sehemu ya kazi. Chukua ukumbi wa mnada wa aina ya Uingereza. Mlango wa mnyama ni mwembamba ili waingie mmoja mmoja. Uwanja ni wa duara ili mnyama azungushwe na kila mtu amwone miguu yake, kama anachechemea au la. Viti vimepanda ngazi kwa ngazi, na mnadi ana kizimba kilichoinuka, kwa sababu bei inapandishwa kwa kutikisa kichwa na lazima akione kila kichwa. Ukiondoa duara ukaacha ukuta wa mbele, umebaki na ukuta.

Sasa njoo huku kwetu, ambako watu husema hatuna jengo la mnada la kujivunia. Katika masoko ya mifugo ya bara ya Kenya na kuendelea hadi Somalia, madalali wa Kisomali wana desturi ya kupatana bei mikono ikiwa imefunikwa kwa shuka. Wanabanana vidole, na tarakimu zinapita kimya. Walioduara kando wanaona shuka ikicheza, bei hawaijui. Biashara ya namna hiyo itataka ngazi za viti za nini? Inataka kivuli, maji, uwanja wazi na uzio. Umbo la soko limefuata namna bei inavyopatikana, huko Uingereza na huku, na ndiyo sababu letu halikuacha kuta. Kusema halina usanifu ni kupima kwa futi ya watu wengine.

Upande wa pili una hoja nzito. Mahali pa nyama na mifugo panataka maji ya bomba, mfereji unaopitisha uchafu na sakafu inayosuguka. Ofisa wa hifadhi akikataza sakafu isiguswe, anayeumia ni mwenye bucha na mlaji. Chokaa na boriti zina gharama, na mafundi wanaozijua kazi hizo si wengi. Tena wanauliza swali ambalo halijibiki kwa mzaha: Ngome yetu, iliyokamilika mwaka 1821, ilikuwa jela hadi 1984, leo ni makumbusho, na nani amewahi kudai wafungwa warudishwe ili jengo liwe na maana? Kazi hubadilika na jengo huendelea kuishi.

Hapo nakubaliana nao, na Paris inawaunga mkono. Ukumbi wa ng'ombe wa La Villette, ulioinuliwa kwa chuma kati ya 1865 na 1867, ulikosa kazi machinjio yalipofungwa mwaka 1974. Leo ni mahali pa maonyesho na muziki. Lakini tazameni walichokiacha: paa lote, nguzo zote, sakafu pana isiyokatwa na kuta. Unaingia na papo hapo unaelewa ni ng'ombe wangapi waliotoshea. Ng'ombe walikwenda na chumba chao kikabaki. London na Chicago zilichagua kinyume.

Kwa sheria hatuna kizuizi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kutangazwa kumbukumbu ya taifa likiwa na umuhimu wa kihistoria, kitamaduni au hata kiufundi. Hata banda la mabati linaweza. Kinachokosekana ni mtu wa kuliangalia.

Mimi sidai kila banda litangazwe. Soko lililo ubavuni mwa Ngome, penye nyama na mboga, litaendelea kukarabatiwa, na ni lazima likarabatiwe. Ninachotaka ni kwamba kabla ya fundi kung'oa kitu, upimwe mpango wa meza za nyama, kulabu zilivyopangwa, mfereji unakoelekea, na njia ya mzigo kutoka gatini. Huko bara nako uchorwe uwanja, mti wa kivuli na kisima. Haya hayasubiri mfadhili. Yanataka futi, karatasi, kamera ya simu, na dalali mmoja atakayekubali kutoa mkono wake chini ya shuka na kuonyesha kidole kipi ni elfu.