Sikia Sasa!

Wimbo wangu wa kwanza niliuachia Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi mjomba wangu wa Morogoro akanipigia: "Mwanangu, nimeusikiliza wote mpaka mwisho, hakuna neno baya hata moja. Hongera sana." Nikavimba. Jioni nikavaa shati langu la kupigia picha nikashuka kijiweni kwetu Tandika, pale nje kwa kinyozi, kwenda kuchukua sifa zilizobaki.

Lakini ngoja nieleze ulivyopatikana, maana jasho lilimwagika. Studio zinataka hela, na hela ndiyo hivyo tena. Nikajitafutia laptop ya mtumba na maikrofoni ya kondensa, ile isiyoamka mpaka uipe umeme wake wa volti 48, nikageuza chumba kuwa studio. Godoro nikalisimamisha ukutani, blanketi mlangoni. Ua wetu una wapangaji 6 chini ya bati moja, dari hakuna. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anamwambia pole. Mchana hakurekodiki: bajaji, muuza kahawa na vikombe vyake, watoto. Kwa hiyo nilikuwa naanza saa sita usiku.

Kilichonitesa ni kiitikio. "Nilikungoja Rangi Tatu, maji yakajaa viatu." Aliyewahi kusubiri mtu Mbagala wakati wa masika hahitaji kufafanuliwa. Ila kwenye "viatu" nota inapanda, na mimi sipandi. Nikifika "via—" sauti inakatika kama mkanda wa kandambili. "Ah! Tena!" Naanza upya. "Via— ah! Tena!" Usiku wa kwanza hivyo, wa pili hivyo. Usiku wa tatu mama mwenye nyumba aligonga ukuta mara moja tu, akasema kwa ule upole unaotisha: "Mwanangu, hivyo viatu si uvivue?"

Usiku wa nne nota ikakaa. Nikaivamia kazi ya kuchanganya sauti, hedifoni masikioni. Kila nikisikiliza naona sauti yangu imebanwa katikati ya kichwa kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Nilitaka itanuke. Nikainakili, moja nikaipeleka kushoto, nyingine kulia, kisha nikabonyeza kitufe chenye alama ya duara lililokatwa na mstari. Kazi yake siijui, niliona tu kipo. Wallahi sauti ilitoka nje ya kichwa ikaanza kuelea chumba kizima! Machozi yalinilenga. Nikaupakia wimbo usiku uleule, kabla akili haijanirudia.

Sasa tuko kwa kinyozi. Alikuwepo rapa wetu wa mtaa, jamaa mmoja wa singeli, dada anayeongoza kwaya kanisani, kinyozi mwenyewe, na babu mmoja aliyepiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi miaka mingi. Babu shikamoo, marahaba, kaa hapo. Kinyozi akaunganisha simu yangu na kispika chake cha kuchaji, cha duara kama kopo la maziwa.

Gitaa likaingia. Vichwa vikaanza kutikisika. Zikaja zile kelele zangu za kuchangamsha, nilizozirekodi peke yake: "Oyoo! Sikia sasa!"

Wote wakatega masikio.

Hakuna kitu. Ngoma ipo, besi ipo, gitaa lipo, na kwa mbali sana kama mtu anaoga nyumba ya tatu. Ubeti mzima ukapita. "Oyoo! Sikia sasa!" Wakategea tena. Kimya.

Nilikuwa nafungua mdomo kulalamikia spika, sifa zikaniwahi.

"Blaza, hii ndiyo akili," rapa akasema. "Umejijua."

"Wengi wangelazimisha kuimba," dada wa kwaya akaongeza, kwa huruma kabisa. "Mungu amekuonyesha."

Wa singeli akaahidi kunitafutia kijana mwenye sauti, ila biti niikimbize mara mbili ya hapo. Kinyozi yeye alikuwa na dosari moja: "Hako kajamaa kanakosema sikia sasa, kaondoe. Kanatuahidi kitu halafu hakatoi."

"Hako kajamaa ni mimi," nikasema. "Na nimeimba humo. Beti tatu."

Wakanitazama kama mtu aliyeanza homa. Nikachomeka waya za masikioni nikampa dada. Akavaa, macho yakamtoka. "Yumo! Anaimba mambo ya viatu!" Akavua, nikarudisha kispika: hayumo. Akavaa: yumo. Rapa akasema hilo ni jini. Kinyozi akasogea mbali na kispika chake mwenyewe, mashine ya kunyolea bado inanguruma mkononi na mteja ana kichwa nusu.

Babu alikuwa anacheka ndani ya kikombe cha kahawa. "Umegeuza waya, kijana."

Akaeleza: enzi zao ukumbini, fundi akikosea kuunga spika mbili, moja chanya na hasi zikapishana, hii inasukuma hewa, ile inavuta, na besi inapotea watu wanaitafuta. Nami nimeifanyia sauti yangu hivyohivyo kwa hicho kiduara. Kwenye hedifoni kila sikio linapata yake, hazikutani. Kwenye kispika cha mdomo mmoja zinakutana na kuuana. Simu zetu nyingi za mtaani nazo zina mdomo mmoja.

"Sisi Radio Tanzania, kule Barabara ya Pugu, bendi nzima tulikuwa chumba kimoja," akasema. "Wa tarumbeta akikosea, wote mnarudia. Lakini hatukuwa na kitufe cha mtu kujifuta mwenyewe."

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba.

Tukaondoka wote kwenda kwangu kurekebisha, kinyozi na kispika chake kwapani, yule mteja nyuma yetu na nusu yake. Uani watoto wanaosha vyombo, mama mwenye nyumba anapepea jiko la mkaa. Laptop yangu huchukua muda wa kuchemsha chai kuwaka, kwa hiyo kinyozi akaucheza ule wimbo uliotoka, tuje kulinganisha.

"Oyoo! Sikia sasa!"

Na ua mzima ukaimba. Watoto wote, masufuria mkononi, ndani ya biti kabisa: "Nilikungoja Rangi Tatu, maji yakajaa via— ah! Tena! Via— ah! Tena!" Binti wa chumba cha nne aliipandia ile nota bila hata kuinua shingo, akaikata makusudi palepale ninapoikatia mimi. Na kutoka jikoni, bila kuacha kupepea, mama mwenye nyumba akajibu: "Si uvivueee!"

Dada wa kwaya alikuwa ameshika mdomo. Rapa anarekodi kwa simu. Laptop ikawaka, nikaufungua wimbo, kidole kikaenda kwenye kiduara.

"Hebu acha hapo," babu akasema. "Hiyo maikrofoni ilete huku nje. Wewe kashike blanketi."